Kina Hutoka Kwenye Kivuli: Kuchagua Malighafi za Kazi za Leza zenye Matabaka

Mteja anaponiletea picha ya mlango wa Mji Mkongwe na kuniomba nimtengenezee mfano wake wa kutundika ukutani, wa matabaka ya mbao zilizokatwa kwa leza, jambo la kwanza analouliza huwa ni unene wa mbao. Ninamwelewa, lakini kazi haianzii hapo. Kina kinachoonwa na jicho hutokana na kivuli ambacho tabaka la juu hukitupa juu ya lile la chini yake, pamoja na rangi ya ukingo uliokatwa. Ndiyo maana kabla sijagusa ubao wowote huuliza kazi itatundikwa wapi, na mwanga utaiingilia kutoka upande gani.

Mwanga ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, upana wa kivuli hulingana na kimo cha tabaka: ubao wa milimita 3 hutupa kivuli cha milimita 3. Kwa hiyo tundu lenye upana wa milimita 2 katika ubao huo hujaa giza, na ua ulilolichora kwa uangalifu chini yake halitaonekana. Nakshi nyembamba, kama mnyororo unaozunguka fremu, ninaziweka tabaka la mbele kabisa, mahali ambapo hakuna kitu cha kuzifunika, na matundu ya tabaka hilo ninayafanya mapana. Iwapo ni lazima nakshi ndogo ikae ndani, huikata kwenye kadibodi ngumu ya milimita 1, ambayo kivuli chake ni chembamba.

Plaiwudi ya milimita 3 ndiyo ninayoitumia zaidi kwa matabaka. Ukingo wake huungua ukawa kahawia, na mstari huo mweusimweusi huichora nakshi upya bila rangi yoyote. Wanaousafisha kwa msasa hadi uwe mweupe huondoa nusu ya uzuri wa kazi. Hata hivyo, plaiwudi haifai kuchongwa kwa kina, yaani pale leza inapoachwa ichimbe polepole ili waridi litokeze kama lililochongwa kwa patasi. Leza ikishapita karatasi ya kwanza ya mbao hukutana na gundi, kisha na nyuzi zinazokwenda upande mwingine, na uso huishia kuwa na mabaka. Kwa uchongaji wa namna hiyo MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, ni bora, kwa kuwa nyuzi zake hazifuati upande mmoja, haina vifundo na huchimbika kwa usawa, ingawa moshi wake ni mkali na ukingo wake ukilowa maji huvimba usirudi tena.

Kwetu pwani unyevu ni suala zito. Msimu mmoja wa masika niliegemeza plaiwudi ukutani, nikapaka vanishi upande mmoja tu, na baada ya siku chache ikapinda kama upinde. Tangu hapo hulaza mbao zote chini ya uzito, na kila tabaka hulipaka pande zote mbili kabla ya kuligundisha.

Wengi hupenda kuweka akriliki angavu, plastiki inayofanana na kioo, kati ya matabaka wakidhani itaongeza kina. Kinachotokea ni kinyume chake, kwa sababu akriliki huupinda mwanga kiasi kwamba milimita 3 zake huonekana kama milimita 2. Ukitaka nafasi, acha hewa: vipande vidogo vya mbao vilivyofichwa nyuma vinatosha. Akriliki ina thamani yake pale taa inapowekwa ukingoni, kwa kuwa mwanga husafiri ndani ya kipande bila kutoka hadi ukutane na mstari uliochorwa, na hapo mstari huwaka. Kwa kazi hiyo nunua akriliki ya kumiminwa, ambayo mchoro wake hutoka mweupe kama barafu. Ile ya kusukumwa kwa mashine hukatika vizuri, lakini mchoro wake hufifia.

Kuna ubao mmoja ambao siruhusu uingie karakanani: ubao mwepesi wa PVC, aina ya plastiki, unaotumiwa na watengenezaji wa mabango. Ukikatwa kwa leza hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo huumiza mapafu na kula vyuma vya mashine. Ukiwa na shaka kuhusu plastiki usiyoijua, nenda nje, pasha moto waya wa shaba, uguse plastiki hiyo, kisha uurudishe waya motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini ndani yake.

Zinabaki zile shaba zinazopamba mlango wa Mji Mkongwe. Leza ya kaboni dayoksaidi tuliyonayo karakanani haiwezi kuikata shaba, kwa sababu shaba huurudisha mwanga wake, na akriliki ya rangi ya dhahabu hubaki bapa hata ukiipanga vipi. Kwa hiyo leza huniachia matundu madogo tu kwenye mfaa, yaani mhimili wa katikati ya mlango, na kwenye mbao za mlango, nami huyajaza kwa mkono, tundu baada ya tundu, kwa misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo ambavyo hutupa vivuli vyao wenyewe.