"Agape imekwisha, Pasta, imebaki filia"

Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno hapa Malindi. Juzi tena, kwa mama ambaye mumewe alikuwa na nyumba ya pili kule Watamu. Mume ameungama, ameomba radhi. Mama akamjibu kwa Kigiriki.

Chimbuko ni Yohana 21. Tunahubiriwa kwamba Yesu alimwuliza Petro habari ya agape, upendo wa Kimungu, Petro akawa na filia tu, ya kirafiki, mwishowe Bwana akamshukia pale alipo. Tamu masikioni, ila Yohana hayatengi maneno hayo hivyo. Baba ampenda Mwana: 3:35 ni agapao (kitenzi cha agape), 5:20 ni fileo (cha filia). Mwanafunzi aliyependwa na Yesu: 13:23 agapao, 20:2 fileo. Naye Dema, aliyemwacha Paulo, aliupenda ulimwengu huu (2 Timotheo 4:10), na hapo pia ni agapao. Ukimungu uko wapi? Petro mwenyewe alijibu "Ndiyo, Bwana". Kilichomhuzunisha ni kuulizwa mara ya tatu, andiko lasema wazi. Naye alimkana Bwana mara ngapi? Tatu.

Wapenda Kigiriki, tazameni makaa basi. Neno lile la moto wa makaa limo mara mbili tu katika Agano Jipya: uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto huku akikana (18:18), na pale ufuoni, samaki juu yake (21:9). Aliyesimama kwa mchoma samaki jioni anajua moshi unavyoganda nguoni. Petro aliketi na harufu ile ile.

Mengine yanayosemwa ni mepesi kujibu. Eti Yuda hakujuta: alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha (Mathayo 27:3). Eti kusamehe ni kutouliza: Yesu aliuliza, tena mbele ya wenzake. Eti Petro hakumpenda Bwana: mbona alimfuata hadi uani, wengi walipokimbia?

Mama yule ana haki ya kusema "bado simwamini". Aseme hivyo hivyo, kwa Kiswahili, na mume amsikie hata mara tatu.

Ila kabla ya swali la kwanza Bwana alisema, "Njoni mfungue kinywa." Mimi siwaketishi watu kuulizana "wanipenda?" na njaa. Nimewaita Jumamosi asubuhi. Mahamri na mbaazi ni juu yangu.