Asilimia 99.75 ya bure

Juzi tena, barazani Shangani hapa Mtwara, kijana kanifungulia kompyuta kabla kahawa haijamiminwa. "Kaka, modeli yangu ya mikato imefika asilimia 99.7." Yaani programu inayojifunza kubashiri mikato: mahali ambapo seli inakata nakala ya jeni, inatupa vipande vya katikati (introni) na kuunga vinavyobaki (ekzoni). Ni wa tatu mwaka huu. Basi nayaandika, niwe natuma kiungo tu.

Chukua HBB, jeni ile ya selimundu. Ina herufi za DNA kama 1,600, ekzoni tatu, introni mbili, na kila introni inakatwa ncha zote mbili. Mikato minne basi. Sasa andika programu ya mstari mmoja inayojibu "si mkato" kwa kila herufi. Imekosea mara nne tu: usahihi asilimia 99.75. Imempita kijana, na haijajifunza chochote! Ni mkaguzi wa korosho aliyekaa mlangoni mwa ghala, hapasui hata moja, anaimba "zote nzima, zote nzima". Kwenye korosho 1,600 zenye mbovu nne, kapatia. Nani atamlipa?

Usinipe usahihi, tafadhali. Jeni ina mikato minne? Chukua herufi nne ambazo modeli imezipa alama za juu kabisa, uniambie ngapi ni mikato ya kweli. SpliceAI, modeli maarufu ya mikato ya 2019, ilipimwa hivyo ikapata asilimia 95, nayo inatazama herufi 5,000 kila upande. (Kutafuta GT peke yake, herufi mbili zinazoanza karibu kila introni? Ndani ya herufi 1,600 bahati tu ingekupa GT kama 100, na za kweli ni mbili. Tusirudi huko.)

Halafu kijana data ya mazoezi na ya mtihani kaigawa ovyo ovyo. HBB ikaangukia kwenye mtihani, HBD, jeni nyingine ya himoglobini, kwenye mazoezi: majirani wa kromosomu 11, wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Mtihani umevuja huo. Gawa kwa kromosomu nzima nzima: hizi za mazoezi, zile za mtihani.

Ila na mimi nina langu linaloninyima usingizi. "Si mkato" tunayoifundishia maana yake ni "haumo kwenye orodha ya mikato inayojulikana". Mkato unaotumika kwenye ubongo tu, na hakuna aliyewahi kuusoma, modeli ikiuona tunaiandikia kosa. Nimeziadhibu modeli ngapi kwa kusema kweli? Sina hakika hata kidogo.

Usiku umeme uliporudi kijana kapima upya: miwili kati ya minne. Mmoja kaukosa kwa herufi moja tu. Nadhani programu yake inahesabu kuanzia sifuri, faili inaanzia moja. Kesho aje na kompyuta, na chaji.