Nionyesheni Anayetia Saini

"Mwalimu, theluthi tunayo." Nimeambiwa hivyo tena juma lililopita, safari hii na kamati ya wakazi ya mtaa mmoja upande wa Kaptembwo, hapa Nakuru. Mwenyekiti alisimama, akawahesabu kwa kidole akina mama walioketi karibu na dirisha: mmoja, wawili, watatu, wanne. Wanne kati ya kumi na wawili. Akaketi, kwake neno likawa limekwisha.

Miaka yote ninayofundisha vikundi vya mtaani, hakuna jibu linalonichosha kama hilo. Ibara ya 27(8) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaiagiza Serikali ihakikishe kwamba si zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa ni wa jinsia moja. Vikundi vyetu vimeiazima kanuni hiyo, na vimefanya vyema. Bunge lenyewe lilishindwa kuitimiza hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, tarehe 21 Septemba 2020. Kwa hiyo sidharau hesabu. Nalalamika kwamba watu wakishahesabu, hawaulizi tena.

Nikauliza wale wanne wana vyeo gani. Naibu mwenyekiti, naibu katibu, mweka hazina, mwakilishi wa akina mama. Nikaomba kuona fomu ya benki. Watia saini ni watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na saini zozote mbili zinatosha kutoa pesa. Someni hapo mara mbili. Mama huyu alichaguliwa kwa sababu, walisema, akina mama ni waaminifu kwa pesa. Lakini wanaume wawili wanaweza kwenda benki bila yeye, naye akajua siku ya kuandika daftari. Ikikosekana shilingi, jina lake ndilo litakalotajwa kwanza. Amepewa lawama bila kupewa uamuzi, na sitakubali jambo hilo liitwe ujumuishaji. Dawa yake ni sentensi moja katika maagizo ya benki: saini ya mweka hazina ni ya lazima.

Kisha saa ya kikao. Kamati nyingi hukutana saa kumi na mbili jioni, "wakati watu wametoka kazini". Watu gani? Saa hiyo ndiyo mama mboga anakata sukuma bila kuinua kichwa, na mtu wa boda boda anapata wateja wake wa maana. Jumamosi asubuhi mnawaacha Waadventista, Ijumaa adhuhuri mnawaacha Waislamu. Hakuna saa inayowafaa wote, nakiri, ndiyo maana nasema saa zizungushwe. Na msiniambie "tuliwaalika hawakuja" ikiwa mwaliko ulipita WhatsApp peke yake na nusu ya ploti wana simu za mulika mwizi, zisizo na WhatsApp.

Kuhusu watu wanaoishi na ulemavu, Ibara ya 54(2) inalenga angalau asilimia 5 ya nafasi. Kikao kikiwa ghorofa ya pili na hakuna lifti, kishusheni chini. Hilo halihitaji semina.

Kuna pengo jingine ambalo kanuni ya jinsia hailioni kabisa. Wale akina mama wanne wote ni wenye ploti. Mitaa hii imejaa wapangaji, wao ndio wanaolipa ada ya taka na kupanga foleni ya maji, na katika kamati ile hakuna mpangaji hata mmoja. Nilipouliza sababu, nikajibiwa kwamba wapangaji huhama. Wapo waliokaa pale tangu watoto wao wako chekechea, na sasa watoto hao wako sekondari.

Sasa kabila, na hapa sina jibu safi. Waliokuwa Nakuru mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi, wanajua kwa nini mtu husita kuandika kabila lake kwenye karatasi atakayobaki nayo mwenzake. Nimewahi kuweka swali hilo kwenye fomu, nikaona nyuso zikifunga na mazungumzo yakafa. Nimewahi kuliacha, nikakosa namna ya kuonyesha kilichojulikana na kila mtu chumbani, kwamba vyeo vyote vikubwa vimeshikwa na jamii moja. Siku hizi naanza na lugha: kikao kiende kwa Kiswahili tangu sala ya kufungua hadi ya kufunga, pamoja na minong'ono ya mezani. Inasaidia, ingawa nahofia kwamba nimelikwepa swali lenyewe.

Juma lijalo narudi kwa kamati ile. Nimewaomba walete daftari la kumbukumbu la mwaka mzima. Tutasoma kila azimio na kuandika pembeni nani alilitoa, nani aliliunga mkono, na nani alitumwa kulitekeleza.