Nyumba ya duka: chini biashara, juu makazi

Nyumba ya duka ni jengo moja lenye kazi mbili. Chumba cha mbele kinachotazama barabara ni duka, na familia inakaa ghorofani au nyuma. Nyumba hizi zimeungana kwa safu: ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani yake, na mapaa yanafuatana hadi kona. Katikati ya Moshi unaweza kuzipita kila siku usizione, maana macho yanaishia kwenye mabango ya simu na vitenge vilivyotundikwa mlangoni. Tazama juu ya bango. Kuna ukuta mfupi uliopandishwa kuficha bati, na mara nyingine una mwaka wa ujenzi uliochorwa kwenye plasta.

Mji huu tunaoujua ulikua kwa sababu ya reli ya Tanga, iliyofika hapa mwaka 1911. Kahawa ikawa inashuka mlimani, bidhaa za pwani zinapanda, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wengi wao kutoka Gujarat, wakafungua maduka. Wote walitaka kitu kilekile: mlango mahali wateja wanapopita. Ndiyo maana nyumba hizi ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma. Upande wa barabara ndio wenye pesa, kwa hiyo kila mtu anapata kipande chake kidogo, na mengine yote yanasukumwa ndani.

Huko ndani kuna mpangilio. Baada ya duka inafuata stoo, kisha ua, kisha jiko na choo, na mara nyingi uchochoro wa nyuma wa kupitishia mizigo na taka. Ua si urembo. Kuta za pembeni ni za pamoja, hazina madirisha, kwa hiyo bila ule uwazi wa katikati vyumba vya ndani vingekuwa giza na joto. Wanaoezeka ua ili wapate stoo nyingine huwa wanashangaa baadaye kwa nini taa inawaka mchana kutwa.

Lakini mimi ningemwonyesha mgeni baraza kwanza. Ni ile sehemu ya mbele iliyoezekwa, yenye nguzo, inayotangulia mlango wa duka. Mahali pengine duniani jambo hili liliwekewa amri kabisa: mpango wa mji wa Singapore wa mwaka 1822 ulidai kila nyumba ya safu iwe na njia ya kivuli mbele, na njia hizo ziungane mtaa mzima. Faida yake mtu wa Moshi haelezwi, masika anaijua. Mvua ikikamata, baraza moja inakupokea na nyingine inakupeleka mbele. Fundi cherehani anaweka mashine yake hapo, mpita njia anajikinga, na mwenye duka anapata mteja ambaye hakupanga kununua. Ukarabati unaohifadhi maua ya plasta juu huku ukiziba baraza kwa kioo ili duka lipanuke, kwa maoni yangu, umeacha kiini ukachukua pambo.

Umiliki nao una historia yake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Pale jengo lilipochukuliwa, duka liliweza kwenda kwa mpangaji mmoja na ghorofa kwa mwingine, na ule uhusiano wa kushuka ngazi asubuhi kwenda kufungua duka lako ukakatika.

Kuvunja nyumba moja katikati ya safu pia si jambo la mwenye kiwanja peke yake. Ukuta unaoguswa unabeba boriti za jirani, na kabla ya nyundo ya kwanza lazima fundi ajue mzigo upi unaegemea wapi.

Usichanganye, basi, na maghorofa mapya yenye fremu chini. Yale ni jengo moja kubwa lililogawanywa kwa wapangaji: duka halina mlango wa kuingilia nyumbani, na aliye juu hana habari na anayeuza chini. Nyumba ya duka ina ngazi yake, ua wake na mlango wake wa nyuma, hata ikiwa upana wake mbele hautoshi kuegesha gari mbili.