Picha za "Nchi ya Bwana" na umri wake

Mzee aliingia na kitu kimefungwa ndani ya kanga. Shikamoo, marahaba, akakaa, akaifungua kanga taratibu. Ndani kulikuwa na albamu yenye jalada la mbao za mzeituni, limechongwa neno Jerusalem. Baba yake alikuwa mwinjilisti, na aliachiwa albamu ile na mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao.

"Mwanangu," akaniambia, "hii ndiyo nchi ya Bwana, vilevile alivyoiacha mwenyewe."

Kazi yangu ni kuhifadhi picha kongwe na kuzitambua, na maneno hayo ya mzee nimeyasikia kwa sura nyingi. Sikumbishia. Wapiga picha wa karne ya 19 walitaka mnunuzi aseme hivyohivyo. Karatasi ilikuwa chombo tu. Walichokuwa wakiuza ni ile hisia kwamba ukiitazama picha, miaka 1,800 inafutika na wewe umesimama alipopita Yesu.

Kamera ilifika Yerusalemu mapema ajabu. Mbinu ya kupiga picha ya Mfaransa Daguerre ilitangazwa Paris mwaka 1839, na mwaka huohuo haujaisha, Wafaransa wawili, Horace Vernet na Frédéric Goupil-Fesquet, walikuwa Yerusalemu na kifaa chao. Lakini picha ya Daguerre ni bamba moja la shaba lililopakwa fedha, halitoi nakala. Bila nakala hakuna duka. Biashara ilisubiri vitu viwili: kioo na yai.

Kioo kilikuwa cha kutengenezea hasi, yaani picha ya kinyume, nyeusi kwa nyeupe, ambayo nakala huchapwa kutokana nayo. Mpiga picha alikimiminia kolodioni, maji mazito yanayonata, akakitumbukiza kwenye dawa ya fedha, akapiga picha, akaisafisha hapohapo gizani kabla kioo hakijakauka. Dakika chache tu, ukichelewa umepoteza. Kwa hiyo alisafiri na chumba cha giza, yaani hema, masanduku ya vioo, chupa za dawa, na wanyama wa kuvibeba vyote. Francis Frith, aliyekuwa mfanyabiashara wa vyakula kwa jumla Liverpool kabla ya kushika kamera, alifanya safari tatu Misri na Palestina kati ya 1856 na 1860. Aliandika kwamba ndani ya hema lake kolodioni ilikuwa ikichemka anapoimimina juu ya kioo. Baadhi ya vioo vyake vilikuwa na ukubwa wa inchi 16 kwa 20, karibu ukubwa wa dirisha dogo. Mtu wa duka hakubeba mzigo huo kwa kujifurahisha. Alijua wanunuzi wapo, na aliporudi Uingereza alianzisha kampuni kubwa ya kuuza picha.

Yai lilikuwa la karatasi. Ute mweupe ulipakwa juu ya karatasi nyembamba ili picha ikae juu, ing'ae na ionyeshe kila jiwe. Kiwanda kimoja cha Dresden kilikuwa kikivunja mayai yapatayo 60,000 kwa siku. Ndiyo maana picha hizi leo zina rangi ya chai ya rangi: ute umezeeka. (Tafadhali, usizipeleke kulaminetishwa. Nimeletewa moja iliyopikwa hivyo kwenye duka la steshenari, na hakuna ninachoweza kuifanyia.)

Nikamsogezea mzee kioo cha kukuzia. Mbingu ilikuwa nyeupe pee, wingu hakuna, kwa sababu dawa ile iliunguzwa na rangi ya buluu kabla nyingine hazijashika. Barabara zilikuwa tupu. Watu walikuwepo, tena wengi, lakini mpiga picha aliiacha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa, na anayetembea hufutika. Tazama mlangoni kwa makini utaona kivuli kama moshi: huyo ni mtu aliyepita na shughuli zake. Mnunuzi wa London akaona jiji la kale lililonyamaza, akadhani ni utakatifu.

Albamu ya mzee ilitoka kwenye kampuni ya picha ya Bonfils. Jina limeandikwa juu ya hasi kwa wino usiopitisha mwanga, kwa hiyo linatokea jeupe chini ya picha, pamoja na namba na maelezo ya Kifaransa. Félix Bonfils alihamia Beirut na familia yake mwaka 1867. Kufikia 1871 alikuwa na hasi 591 na nakala 15,000, ukiacha zile za jozi za kutazamwa kwa kifaa cha macho mawili, zikaonekana kama kitu halisi, ambazo zilikuwa 9,000. Mkewe Lydie naye alipiga picha, hasa za wanawake, na mtoto wao Adrien akaendeleza kazi baba yake alipofariki mwaka 1885. Zama za Adrien vioo vikavu, vilivyopakwa dawa mapema na visivyohitaji kuachwa wazi muda mrefu, vilikuwa vimeshaingia, watu wangeweza kupangwa, na Biblia ikaanza kuigizwa: Ruthu na Boazi shambani, wachungaji, wanawake kisimani. Ukipitia picha nyingi za kampuni ile, unakutana na uso uleule chini ya majina ya kazi tofauti.

Mwaka 1970 bomu lililipuka ndani ya jengo la makumbusho ya Kisemiti ya Chuo Kikuu cha Harvard. Walipopanda darini kukagua uharibifu, wakakuta picha zipatazo 28,000 zilizosahaulika, zikiwemo za Bonfils.

"Sasa hizi ni za mwaka gani?" mzee akauliza.

Hapo ndipo kazi yangu inaponoga. Watu huanza na Kanisa la Kaburi Takatifu, na pale kuna ngazi ndogo ya mbao chini ya dirisha la juu, upande wa kulia. Haisaidii kitu. Ipo kwenye mchoro wa 1728 na ipo leo, maana madhehebu yanayoshirikiana kanisa lile hayaruhusiani kusogeza hata msumari. Tukahamia Lango la Yafa. Juu yake hakuna mnara wa saa, kwa hiyo ni kabla ya 1908 hivi. Pembeni handaki la ngome bado liko wazi. Handaki hilo lilifukiwa na ukuta ukabomolewa mwaka 1898, Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani alipokuja kuzuru. Basi ni kabla ya hapo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa Mlima wa Mizeituni. Nikamwonyesha mzee, juu kidogo ya Gethsemane, kuba saba zenye umbo la kitunguu.

"Hilo kanisa la nani?"

"La Warusi, la Maria Magdalena. Lilizinduliwa mwaka 1888."

Akacheka. "Kwa hiyo Bwana hakuliona."

"Hakuliona, mzee."

Nikamweleza pia kwamba miaka hiyo wenyeji walikuwa tayari na studio zao palepale Lango la Yafa. Mwarmenia Garabed Krikorian alifundishwa kamera kwenye nyumba ya watawa ya Mtakatifu Yakobo, na Patriaki mwenyewe, Yessayi, mkuu wa kanisa la Waarmenia pale Yerusalemu. Mwanafunzi wake Khalil Raad akafungua duka ng'ambo ya barabara, wakashindania wateja kweli kweli. Ugomvi ulipoa pale mtoto wa Krikorian alipomwoa mpwa wa Raad, wakagawana kazi: hawa picha za studio, yule za nje. Mzee alilipenda hilo kuliko kuba saba.

Aliomba nimwandikie tarehe. Nikaandika nyuma ya jalada kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya: kati ya 1888 na 1898. Akasoma, akafunga albamu ndani ya kanga, kisha akaifungua tena kuangalia kile kivuli cha mlangoni.