Je, saa inayokosea sekunde chache ni mbovu?

Miongoni mwa wakusanyaji wa saa za mkononi kuna imani ya muda mrefu kwamba saa ya kamani (inayoendeshwa na springi iliyokazwa badala ya betri) iliyo nzima, hasa ya bei kubwa, haipaswi kukosea hata sekunde moja kwa siku, na kwamba inayokosea ina kasoro inayohitaji fundi.

Siku moja ina sekunde 86,400. Saa inayowahi kwa sekunde 5 imekosea kwa takriban asilimia 0.006, kiasi kidogo mno kwa chombo kinachotegemea gurudumu dogo linalocheza huku na huku, mara nyingi kwa mapigo 28,800 kila saa, huku likiathiriwa na joto, mkao wa saa na nguvu iliyobaki katika kamani. Hata kiwango cha kimataifa cha kronomita, yaani saa zilizopimwa na kuthibitishwa kuwa sahihi sana, huruhusu mitambo ya ukubwa wa kawaida kuchelewa kwa wastani wa sekunde 4 au kuwahi kwa sekunde 6 kwa siku. Saa ya betri ya bei nafuu kwa kawaida huzishinda zote hizi, jambo ambalo baadhi ya wapenzi wa saa hulikubali kwa shingo upande.

Kujipimia ni rahisi: linganisha saa yako na simu iliyounganishwa na mtandao, wakati uleule kila siku kwa wiki moja, kisha utafute wastani. Mkao unaoilaza usiku unaweza kubadilisha matokeo. Ikianza ghafla kuwahi kwa dakika nzima au zaidi kwa siku, huenda imeingiwa na usumaku, ambao fundi huuondoa kwa muda mfupi, aghalabu bila kuifungua.