Je, wajua kwa nini Wakatoliki huwaombea ndugu wasioamini, ilhali Mungu hamlazimishi mtu?

Nenda kwenye jumuiya ndogo ndogo yoyote, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, hapa Moshi, iwe Majengo, Pasua, Soweto au kule juu Kibosho. Ikifika zamu ya kila mmoja kutaja nia yake, kuna ombi ambalo halikosekani. Mama anasema, "Namwombea mume wangu, Bwana amfungue moyo. Ee Bwana." Wote wanaitikia, "Twakuomba utusikie." Wiki ijayo ni mama yuleyule na ombi lilelile, na mume mwenyewe pengine yuko nyuma ya nyumba anasubiri wageni waondoke.

Kijana anayependa kuhoji atauliza, na ana haki ya kuuliza. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba Mungu "hutaka watu wote waokolewe". Kama anataka tayari, kuna haja gani ya kumkumbusha kila wiki? Na kama baba mwenyewe hataki, Mungu atamburuta? Sasa hayo maombi yanafanya kazi gani hasa?

Kabla ya kujibu, tuondoe jambo moja ambalo huleta ugomvi kwenye familia zetu. Mlima huu wa Kilimanjaro ulipokea wamisionari wa pande mbili karibu wakati mmoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Kibosho mwaka 1893, na mwaka huohuo wa 1893 Walutheri wa misheni ya Leipzig wakaanza Machame. Ndiyo maana ukoo mmoja leo una mashangazi wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, na wajomba Wakatoliki, na wote wanakutana Desemba kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo lenye nyumba. Shangazi yako Mlutheri si mtu asiyeamini. Amebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Kanisa Katoliki linautambua ubatizo huo. Hata akihamia kwetu habatizwi upya. Kumweka kwenye orodha ya "wasioamini" ni kumkosea yeye na kukosea mafundisho yetu wenyewe. Ninaowazungumzia hapa ni wengine: mkwe ambaye hakubatizwa kabisa, kaka aliyepata kipaimara lakini siku hizi anasema hakuna Mungu, binti aliyerudi kutoka chuo na hataki kusikia habari za kanisa.

Haya, jibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mtawa Mdominiko wa karne ya 13, alilikabili swali hili moja kwa moja. Alisema hatusali ili tugeuze kile alichokipanga Mungu, bali tunasali ili tupate kile ambacho Mungu amepanga kitolewe kwa njia ya sala. Wazee wa mlimani wangemwelewa upesi. Maji ya Kilimanjaro hakuna binadamu anayeyatengeneza, lakini yanafika kwenye migomba kwa mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu na kusafishwa na watu kwa zamu. Mwenye kihamba cha chini anapata maji kwa jasho la watu ambao pengine hawajui hata jina lake. Mungu angeweza kumgawia kila mtu neema peke yake, bila kumshirikisha yeyote. Hakutaka iwe hivyo. Ameamua wanadamu wategemeane hata katika wokovu, na sala ya mama kwa mwanawe imo ndani ya mpango wake tangu mwanzo.

Kuhusu kulazimisha, Kanisa linasema waziwazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika tamko lake kuhusu uhuru wa dini la 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu asishurutishwe kuamini. Kanoni ya 748 ya Sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kumlazimisha mwenzake kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Hata katika ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa, inayofungwa kwa ruhusa maalumu ya Kanisa, anayetoa ahadi ni Mkatoliki peke yake: kwamba ataitunza imani yake na kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Mwenzake anajulishwa tu kwamba ahadi hiyo ipo. Na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1637, inasema ni furaha kubwa kwa mwenzi Mkristo na kwa Kanisa endapo mwenzake ataongoka, lakini inaweka neno muhimu: kwa hiari.

Kwa hiyo sala yetu si dawa ya mvuto. Haimfungi mtu akili wala haimgeuzi usingizini. Tunachomwombea ni neema: mwanga wa kuona, mtu sahihi wa kukutana naye njiani, kumbukumbu njema inayorudi, kidonda cha zamani kupona, kizuizi fulani kuondoka. Neema hiyo inampa nguvu ya kuitikia, na kuitikia kunabaki juu yake.

Jambo hili halionekani vizuri popote kama katika maisha ya Mtakatifu Monika. Alizaliwa Tagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Aljeria, kwa hiyo ni mama wa Afrika hii hii. Mumewe Patrisi alikuwa mpagani, mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Mwanawe Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, alikuwa na akili nyingi, na akiwa kijana aliingia dini ya Mani, mtu wa Uajemi aliyefundisha kwamba dunia inagombaniwa na nguvu mbili, ya nuru na ya giza. Alikaa humo kama miaka 9, na akawavuta na rafiki zake.

Monika alimwendea askofu mmoja ambaye mwenyewe alilelewa katika dini hiyo ya Mani kabla ya kuiacha. Alimsihi akae na mwanawe amjibu hoja zake. Askofu akakataa. Alisema kijana bado ana kiburi cha mambo mapya, hafundishiki. Mwache hapo alipo, mwombee tu kwa Bwana, kwa kusoma kwake atayagundua makosa mwenyewe. Monika hakuridhika, akaendelea kulia na kubembeleza, hadi askofu akachoka akamwambia aende zake, kwamba haiwezekani mwana wa machozi ya namna ile apotee. Agostino mwenyewe ndiye aliyeyaandika haya katika kitabu chake Maungamo, na anasema mama yake aliyapokea maneno yale kana kwamba yametoka mbinguni.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni kile cha Karthago. Mwaka 383 Agostino aliamua kuhamia Roma. Mama akamng'ang'ania: ama abaki, ama waende wote. Agostino akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayesubiri upepo wa safari, akamshawishi mama alale kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari. Usiku ule Monika alisali kwa machozi akiomba jambo moja, mwanawe asisafiri. Kulipokucha merikebu ilikuwa imeshaondoka.

Fikiria uchungu wa mama yule ufukweni. Sala yake ilikataliwa, tena waziwazi. Na Agostino, akitazama nyuma baada ya miaka, anaandika kwamba Mungu alimnyima mama alichoomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa akiomba siku zote. Maana ni safari ileile iliyomfikisha Italia, akapata kazi ya kufundisha Milano mwaka 384, akamsikia Askofu Ambrosi akihubiri, na moyo ukaanza kulegea. Monika alimfuata huko. Agostino alibatizwa na Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387. Mwaka huohuo, wakisubiri meli ya kurudi Afrika, Monika alifariki Ostia, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Patrisi naye alikuwa amepokea imani kabla ya kufa, miaka mingi nyuma.

Mama wa Pasua anayelia kwamba mwanawe amehamia Dar na amezidi kuharibika asikie hapo. Yeye anaijua njia moja tu ya kumrudisha mwanawe, nayo ni arudi nyumbani. Mungu anazijua nyingine.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu kwamba ukisali vya kutosha ni lazima ndugu yako aongoke. Tomaso wa Akwino aliandika kwa uwazi kwamba sala kwa ajili ya mwingine inaweza kuwa ya kweli, ya kudumu, na kwa jambo la wokovu, na bado ikazuiwa na yule anayeombewa. Alinukuu nabii Yeremia, pale Mungu anaposema hata Musa na Samweli wangesimama mbele zake, moyo wake usingewaelekea watu wale. Nayasema haya kwa sababu nimewaona akina mama wakijitesa kwa kudhani rozari zao zimepungua. Mwana akikataa, si ushahidi kwamba mama hakusali vizuri.

Kuna jambo jingine ndani ya sala hii ambalo wengi hulipita haraka. Siku ya Ijumaa Kuu Kanisa husali maombi makuu kumi. La saba ni kwa wasiomwamini Kristo, la nane kwa wasiomwamini Mungu. Yasikilize vizuri mwaka ujao. Katika la saba, baada ya kuwaombea waipate kweli kwa unyofu wa moyo, padre anaendelea kutuombea sisi tulio ndani ya kanisa, tupendane na tuwe mashahidi bora wa upendo wa Mungu duniani. La nane linaomba wasiomwamini Mungu watambue ushuhuda wa matendo mema ya wanaoamini. Yaani huwezi kumwombea asiyeamini bila kujiombea na wewe. Petro naye aliwaambia wake kwamba waume wasioliamini Neno huvutwa na mwenendo wao, pasipo maneno.

Hapo nina ombi kwa wanajumuiya. Nia si mahali pa kuanika mambo ya mtu. "Namwombea mume wangu aache pombe na wanawake" inasikika hadi dirisha la jirani, na mwanaume aliyeaibishwa hivyo hatatia mguu kanisani. Agostino anamsifu mama yake kwamba hakwenda kumlalamikia mumewe kwa wanawake wenzake. (Simaanishi mama anayepigwa anyamaze. Huyo aseme, aondoke, asaidiwe.) Ufaransa kulikuwa na Elisabeth Leseur, ambaye mumewe Félix, daktari, hakuamini Mungu na aliidhihaki imani yake. Elisabeth aliacha mabishano, akasali, akamtolea Mungu mateso ya ugonjwa wake, akaandika shajara. Alifariki mwaka 1914. Félix aliisoma ile shajara, akaongoka, akaingia kwa Wadominiko, na mwaka 1923 akapewa upadre. Elisabeth hakuliona lolote kati ya hayo kwa macho ya duniani.

Na waliokwisha kufa bila kubatizwa? Hapa mlimani hilo ni swali la kila ukoo, maana makaburi yapo kihambani, tunayapita kila siku. Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ofisi ya parokia baada ya Misa ya kwanza. Mezani kulikuwa na daftari la nia za Misa lenye safu za tarehe, jina, nia na sadaka. Mbele yangu alisimama mama mwenye khanga begani, noti ameikunja mara nne mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mama."

"Naomba Misa ya babu yangu. Ila babu hakubatizwa. Hana jina la dini, ni la kwetu tu."

Katibu akasita, kalamu hewani, akamwita paroko. Padre akasikiliza, akasema, "Liandike hilohilo la kwenu." Alikuwa sahihi kisheria pia. Kanoni ya 901 inasema padre yuko huru kutolea Misa kwa ajili ya yeyote, aliye hai au aliyekufa. Na katika Sala Kuu ya Ekaristi ya Nne tunawakumbuka marehemu wote ambao imani yao Mungu peke yake aliijua. Babu yule, aliyeishi kwa haki kadiri alivyoangaziwa na hakuisikia Injili bila kosa lake, hayuko nje ya tumaini hilo. Mtaguso wa Vatikano ulilisema mwaka 1964, na Katekisimu inalirudia.

Kwa anayetaka kuanza, njia ziko nyingi na hakuna inayodai fedha. Kila baada ya fungu la rozari tunasema ile sala ya Fatima ya mwaka 1917, tukimwomba Yesu azipeleke mbinguni roho zote, hasa zinazohitaji zaidi huruma yake. Pale unaweza kulitaja jina la ndugu yako kimoyomoyo. Novena, yaani sala ya siku tisa, ya Huruma ya Mungu huanza Ijumaa Kuu, na siku yake ya nne ni ya wasiomwamini Yesu na wale ambao bado hawajamjua. Sikukuu ya Monika ni 27 Agosti na ya mwanawe Agostino ni kesho yake, tarehe 28. Kwa hiyo novena ya kumwombea nduguyo kwa maombezi ya mama huyo uianze tarehe 18, iishie tarehe 26.